Mwongozo kamili: jinsi ya kufanya utafiti wa sayansi ya jamii bila kuendeleza ukoloni

Wengi tukisikia habari ya kuondoa ukoloni kwenye utafiti tunakimbilia sura ya pili ya tasnifu, ile ya mapitio ya maandiko, tunaweka majina ya wanazuoni wanne watano, tunaandika aya nzuri kuhusu ubeberu wa maarifa, halafu sura ya tatu, ile ya mbinu, inaendelea kama kawaida, dodoso lile lile, fomu ya ridhaa ile ile ya chuo, data inaingia kwenye laptop ya mtafiti na waliohojiwa hawaisikii tena. Hapo hakuna kilichobadilika. Ukoloni kwenye utafiti unakaa kwenye maamuzi: nani kauliza swali, nani anashika pesa, nani anatunza data, nani anaweza kusema hapana na hapana yake ikaheshimiwa. Kwa hiyo tutapita maamuzi hayo moja moja, kuanzia kabla hujaandika andiko lako hadi ripoti imeshatoka, na nitakaa zaidi pale ambapo watu wanakwama.

Tatizo lilianzia wapi

Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard aliingia kwa Wanuer wa Sudan mwaka 1930, na kitabu chake cha mwaka 1940 kinasema wazi kabisa kwamba serikali ya kikoloni ndiyo iliyomwomba afanye ile kazi na ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya pesa. Muda mfupi kabla hajafika serikali hiyo hiyo ilikuwa imewapelekea Wanuer kikosi cha kuwaadhibu. Sasa humo ndani kuna mazungumzo aliyoyarekodi mwenyewe, anamuuliza bwana mmoja jina la ukoo wake, yule bwana anamzungusha weee, halafu anamrudishia swali: unalitakia nini, nikikwambia utalifanyia nini, utalipeleka kwenu? Evans-Pritchard aliyaona yale kama usumbufu wa kazi. Mimi nayaona ni maswali ya haki kabisa, na mtafiti yeyote leo anatakiwa awe na majibu yake kabla hajabisha hodi kwa mtu.

Na usidhani yaliisha bendera ziliposhushwa. Mwanafalsafa wa Benin, Paulin Hountondji, alieleza vizuri mpangilio uliobaki: data inakusanywa huku, inapelekwa kwenye vituo vya Ulaya na Marekani kutengenezewa nadharia, halafu nadharia inarudi huku tuitumie. Sisi tunakuwa wakusanyaji tu. Ukiwa unasoma hii na kazi yako kwenye mradi mkubwa ni kujaza dodoso ambalo hukulitunga na matokeo yake hutayaandika, unajua ninachosema.

Hatua ya 1: Swali limetoka kwa nani?

Hapa ndipo penye uzito wote, maana swali likishakosewa huko mbele unapamba tu. Kawaida mambo yanaenda hivi: mfadhili anatangaza mada, wewe unatafuta jamii inayofiti ile mada, unaandika, pesa inatoka, ndio unaenda kuwaona watu. Wao wanakutana na swali likiwa limeshapikwa na kupakuliwa.

Geuza mpangilio. Kabla hujaandika chochote cha kupeleka kwa mfadhili nenda kaongee na watu, bila kinasa sauti, bila dodoso, uwaulize mambo matatu: ni kitu gani hapa mnatamani kukijua na hamjapata wa kukifuatilia, ni utafiti gani umeshafanyika hapa na uliwaachia nini, na ni kitu gani hamtaki kichunguzwe. Swali la tatu wengi wanaliruka na ndilo muhimu kuliko yote, kwa sababu linawapa watu nafasi ya kuweka mpaka wewe ukiwa bado hujawekeza kitu. Ukishapata majibu chukua karatasi uigawe pande mbili, huku wewe na chuo chako mnataka kujua nini, huku wao wanataka kujua nini, halafu tafuta panapokutana. Pasipokutana kabisa, tafuta mada nyingine, kwa kweli.

Kama mada imeshapangwa na mfadhili hujakosa kila kitu, maswali madogo ya ndani bado yanajadilika na wafadhili wengi wanakubali marekebisho ukiwaeleza sababu mapema.

Kuna mtego mwingine hapa. Eve Tuck, mtafiti mwenye asili ya Unangax̂, wenyeji wa asili wa Alaska, mwaka 2009 aliandika barua ya wazi akiomba watafiti waache kuzitazama jamii kupitia majeraha tu: umaskini, magonjwa, ukatili, ulevi. Nia huwa njema, kwamba tukionyesha maumivu serikali itasaidia, lakini msaada mara nyingi hauji na kinachobaki kwenye makaratasi ni picha ya watu waliovunjika. Kwa hiyo kila ukiandika swali kuhusu shida liwekee pembeni swali kuhusu uwezo: watu wanapambanaje na hii shida, wanataka maisha yao yaweje, nani tayari anafanya kitu. Yaingie yote kwenye dodoso na yote yachambuliwe, sio moja liishie kwenye kiambatisho.

Hatua ya 2: Jiweke mezani

Aya ya kusema "mimi ni mwanamke, msomi, wa tabaka la kati" haisaidii kitu kama inaishia hapo. Tengeneza karatasi ya kazi, ujibu: nani ananilipa, nikimaliza napata nini (shahada, cheo, makala), wao wanapata nini, watu wananionaje nikifika, na mambo gani hawatanieleza kwa sababu ya nilivyo. La mwisho lina athari ya moja kwa moja kwenye mbinu zako. Kama wanawake hawatakueleza habari za uzazi, basi anayeongea nao awe mtu mwingine.

Na kuzaliwa kwenye jamii unayoichunguza hakukufanyi uwe salama. Ukishasoma, ukishakaa mjini, ukishakuwa na barua ya chuo mkononi, watu wanakuona kwa jicho jingine hata kama wanakuita mwanetu. Tena mtoto wa nyumbani anaaminiwa haraka, anaambiwa mambo ambayo mgeni asingeambiwa, kwa hiyo uwezo wake wa kuumiza watu ni mkubwa zaidi.

Hatua ya 3: Unachosoma na vipimo unavyoazima

Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alipitia majarida makubwa 6 ya saikolojia ya Marekani akakuta asilimia 96 ya walioshiriki kwenye tafiti wanatoka nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda, nchi ambazo zina takriban asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Halafu vipimo vilivyotengenezwa kwa watu hao vinasambazwa kama vipimo vya binadamu wote. Kwa hiyo kila kipimo unachotaka kuazima, cha msongo wa mawazo, cha furaha, cha uwezeshaji, kiulize kimetengenezwa na nani, kikajaribiwa kwa nani, na wakati wa kukileta kwenye jamii nyingine nani alikipitia na akabadilisha nini. Ukikosa majibu usikitumie peke yake.

Kwenye nadharia usiishie kubadilisha majina tu. Archie Mafeje wa Afrika Kusini mwaka 1971 aliwabana wenzake kuhusu dhana ya ukabila, akaonyesha jinsi wanasayansi wa jamii walivyoibeba toka kwa wakoloni na kuitumia kueleza kila kitu Afrika. Oyeronke Oyewumi wa Nigeria mwaka 1997 akadai kwamba kwa Wayoruba wa zamani kilichopanga jamii ni nani mkubwa kwa nani, umri na nani aliingia kwanza kwenye ukoo, kuliko jinsia jinsi ilivyozoeleka kusomwa Ulaya. Kuna wanaompinga, wakiwemo Waafrika wenzake, na ni sawa. Cha kujifunza hapo ni namna ya kushika dhana na kuiuliza kama kweli inaishi hapa. Pia soma tasnifu zilizorundikwa maktaba za vyuo vya eneo lile lile unalochunguza, zile ambazo hazipo mtandaoni, na wataje wazee, mafundi na wakunga kama vyanzo vya maelezo, sio kama data tu.

Hatua ya 4: Zana za kukusanyia data

Tuchukue swali moja tulione kwa karibu. Karibu kila dodoso la kaya linaanza na "nani mkuu wa kaya?" Swali linaonekana jepesi, msaidizi anaweka tiki, mnaendelea. Lakini ndani yake kuna dhana kibao: kwamba kaya ni watu wa nyumba moja, kwamba lazima awepo mkuu mmoja, kwamba huyo mkuu ndiye mwenye maamuzi yote. Baba anayefanya kazi mbali na kurudi mara mbili kwa mwaka anaandikwa mkuu, bibi anayeendesha kila kitu pale anaandikwa tegemezi, halafu uchambuzi wako wote kuhusu kaya zinazoongozwa na wanawake unasimama juu ya ile tiki.

Livunje. Uliza nani wanakula pamoja siku nyingi za wiki. Uliza nani analeta pesa au mazao. Uliza nani anatoa kauli ya mwisho mtoto akitaka kuacha shule, nani anaamua shamba liuzwe, nani anaitwa kukitokea ugomvi. Utapata majina tofauti kwa kila swali, na mara nyingine jina la mtu anayeishi nyumba nyingine kabisa. Hapo ndio umeanza kuona jamii jinsi ilivyo. Ndiyo, inakula muda na takwimu zinakuwa ngumu kulinganisha na za nchi nyingine, mfadhili akidai ile tiki mpe, lakini weka na haya mengine na kwenye ripoti onyesha yanavyopishana.

Mbinu nyingine za kufikiria ni vikao vya kuzunguka duara, mahojiano ya kutembea mkiwa mnapita kwenye maeneo yenyewe, ramani ambazo watu wanachora wenyewe, simulizi za maisha. Hili la watu kuchunguza maisha yao pamoja na mtafiti sio jipya: mwanasosholojia wa Kolombia Orlando Fals Borda na wenzake walilisukuma Amerika ya Kusini na mwaka 1977 wakakutana Cartagena, Kolombia, kulijadili, na miaka hiyo hiyo ya 1970 mtafiti wa Finland Marja-Liisa Swantz na wenzake walikuwa wanafanya utafiti shirikishi Tanzania.

Ila tusidanganyane kwamba cha asili ni cha haki moja kwa moja. Kikao cha duara kinaweza kuwa mahali ambapo wazee wa kiume wanaongea na wengine wanaitikia kwa vichwa. Vijana, wajane, wahamiaji, watu wa ukoo mdogo, hao watafute pembeni, wakati wao na mahali wanapojisikia huru. Jamii ina wakubwa wake nayo, na ukisikiliza wakubwa tu ukasema "jamii imesema" umewapa nguvu walewale.

Hatua ya 5: Ridhaa

Kisa kinachotakiwa kujulikana na kila mwanafunzi wa mbinu za utafiti ni cha Wahavasupai, watu wachache wanaoishi ndani ya Grand Canyon huko Marekani. Kuanzia mwaka 1990 walitoa damu kwa watafiti wa Arizona State University kwa sababu kisukari kilikuwa kinawamaliza na waliamini utafiti utawasaidia. Baadaye wakaja kugundua damu ile imetumika pia kuchunguza skizofrenia (ugonjwa wa akili), kuzaliana kwa ndugu, na asili ya uhamaji wao, jambo ambalo lilipingana na wanavyoamini wao kuhusu walikotoka. Fomu walisaini, na zilikuwa na maneno mapana ya kuruhusu uchunguzi wa magonjwa ya tabia. Walishtaki mwaka 2004, na mwaka 2010 chuo kikakubali kulipa dola 700,000 kwa watu 41 na kurudisha sampuli zilizobaki.

Ile ilikuwa damu, lakini badilisha damu uweke mahojiano, na hali ni ile ile. Mtu anakueleza habari ya mgogoro wa ardhi kwa ajili ya tasnifu yako, miaka mitatu baadaye nukuu yake iko kwenye ripoti ya kampuni inayoitaka ile ardhi.

Kwa hiyo ridhaa iwe na ngazi. Kwanza jamii kwa pamoja, kupitia vyombo ambavyo wenyewe wanavitambua, na uliza ni vipi, usikimbilie ofisi ya serikali tu. Halafu mtu mmoja mmoja. Ruhusa ya kiongozi haifuti haki ya mtu kukataa, na mtu kukubali hakufuti kauli ya jamii kwamba jambo fulani ni la wote na halisimuliwi na mmoja. Kisha rudia kila hatua inapobadilika: kabla ya kurekodi, baada ya mtu kusikia alichosema, kabla ya kuchapisha, na kabla ya mtu mwingine kutumia data.

Wakati wa kuomba ongea kama unaongea na mtu. Kitu kama: "Mama, naomba nikueleze ninachofanya halafu uniambie kama tuendelee. Mimi nasoma, nikimaliza nitapata shahada, wewe hutapata hela kwenye hili zaidi ya muda wako nitakaoufidia. Utakachosema nitakiandika na watu wengine watakisoma, hata wasiokujua. Ukiona swali hulipendi niambie turuke. Ukinipigia hata mwezi ujao ukasema futa, nafuta. Naomba sasa uniambie wewe umenielewaje." Hilo la mwisho usiliache, akikueleza kitu tofauti na ulichosema basi hajaridhia bado, rudi mwanzo. Na usiahidi kufuta milele kama baada ya kuchapisha huwezi, mwambie tarehe ya mwisho.

Baadhi ya jamii zimeshaandika masharti yao. Wasan, wenyeji wa asili wa Afrika Kusini, mwaka 2017 walitoa kanuni zao za maadili kwa watafiti, zinadai heshima, ukweli, haki, kujali, na kufuata utaratibu wao wa kuomba ruhusa. Kabla ya kwenda popote tafuta kama zipo kanuni za namna hiyo. Kama hazipo, sehemu ya kazi yako ya kwanza inaweza kuwa kusaidia watu kuziandika.

Hatua ya 6: Pesa na watu wanaokufanyia kazi

Fungua bajeti yako uangalie inaenda wapi. Tiketi za ndege, vifaa, ada za uchapishaji, na ya jamii utaikuta kwenye mstari mmoja wa vinywaji vya mkutano. Weka mistari hii tangu mwanzo, maana baadaye haipatikani: fidia ya muda wa washiriki, malipo ya haki ya wasaidizi, tafsiri, safari ya kurudisha matokeo, na nauli za watu watakaokaa kwenye kamati ya jamii. Kiasi cha fidia wapange watu wenyewe na kiwe sawa kwa wote, kisiwe kikubwa hadi mtu ashindwe kukataa.

Msaidizi wa utafiti na mkalimani nitawatetea kwa nguvu. Hao ndio wanaoamua nani ahojiwe, swali liulizwe vipi, jibu lifupishwe vipi, ukimya wa mtu una maana gani. Nusu ya uchambuzi imeshafanyika kichwani kwao kabla wewe hujafungua faili. Halafu kwenye makala wanaishia kwenye sentensi ya shukrani, mara nyingine bila jina. Waandikie mkataba, wapangie muda wa kueleza walichokiona fildi kila siku na kiandikwe, na kaeni mwanzoni kabisa mkubaliane nani atakuwa mwandishi mwenza na kwa kazi gani.

Hatua ya 7: Uchambuzi na mambo yasiyoandikwa

Usijifungie na programu ya kompyuta peke yako. Chukua mada ulizozipata, zipeleke kwa baadhi ya walioshiriki, uwaulize zinaeleweka hivyo au umezipindisha. Watapinga vitu. Wakipinga usikimbilie kubadilisha ili kila mtu afurahi, wala usiwapuuze kwa sababu wewe ndio msomi, andika tafsiri zote mbili na useme ni wapi mnatofautiana na kwa nini. Mara nyingi hapo ndipo penye kitu kizito kuliko vyote kwenye tasnifu nzima.

Kuna mambo utaambiwa ambayo hayatakiwi kutoka, na mengine hayatakatazwa waziwazi ila kila ukiyagusa watu wanahamisha maongezi. Audra Simpson, mwanaanthropolojia wa Kimohawk (wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini), ameandika kuhusu huku kukataa, kwamba nako ni msimamo wa watu wanaolinda kilicho chao na mtafiti anaweza kuchagua kuishia hapo. Kwa vitendo: weka faili la mambo ya kutochapishwa, jiulize kila moja nani ataumia likijulikana, halafu yaache.

Hatua ya 8: Data ni ya nani

Wananchi wa asili wa Kanada mwaka 1998 waliweka misingi minne inayojulikana kama OCAP: data ni mali ya jamii, jamii inaisimamia, inaweza kuifikia, na inaishika yenyewe. Mwaka 2019 ikaja misingi ya CARE ya usimamizi wa data za wenyeji wa asili, ikiongeza kwamba data iwanufaishe watu kwa pamoja. Ilikuja kama jibu kwa zile kampeni za data huria zinazotaka kila kitu kifunguliwe kwa kila mtu, bila kuuliza nani atafaidi mlango ukishafunguliwa.

Andikianeni makubaliano, ukurasa mmoja au miwili inatosha: nakala zinakaa wapi, nani ana nywila, nani anaamua mtafiti mwingine akiomba, zinafutwa lini, na mkigombana nani anaamua. Jarida au mfadhili akidai data iwekwe wazi mtandaoni omba msamaha wa sharti hilo kwa maandishi na ambatisha makubaliano yenu, wengi wana utaratibu wa ufikiaji wenye masharti. Kuhusu majina, usifiche kila mtu kwa mazoea. Fundi au mzee aliyekupa maarifa ya maisha yake anaweza kutaka jina lake lionekane, na kumwita "mshiriki namba 7" ni kumnyang'anya. Muulize, mweleze hatari zilizopo, aamue yeye.

Hatua ya 9: Kurudisha, na kama muda wako ni mdogo

Matokeo yarudi kabla ya kuchapishwa, kwa lugha ya watu na kwa njia wanayoitumia: mkutano, rekodi ya sauti inayosambaa kwenye simu, karatasi ya kurasa mbili, kipindi cha redio. Waachie pia kitu wanachoweza kukitumia bila wewe, mfano ramani, takwimu za kupeleka halmashauri, rekodi za wazee wao.

Najua mwanachuo mwenye miezi sita na supavaiza asiyetaka kusikia habari hizi hawezi kufanya yote. Chagua matatu: yale maswali ya mwanzo kabla ya andiko, ridhaa inayorudiwa, na kurudisha matokeo kabla ya kuwasilisha. Kamati ya maadili ikidai dodoso kamili kabla hujaonana na watu, omba kibali cha awamu mbili, ya kwanza ya mazungumzo ya maandalizi na ya pili ya ukusanyaji. Na kwenye sura ya mbinu tengeneza jedwali lenye safu tatu: uamuzi gani ulibadilika, nani aliubadilisha, kulitokea nini. Kama safu ya katikati ina jina lako peke yako juu hadi chini, rudi fildi kabla hujawasilisha.